Sura ya Saba: Chupa Getini

Jumamosi moja nilikuwa na wageni nyumbani, na wiski ikatuishia kabla ya mazungumzo. Nikatoa simu, nikachagua chupa, nikalipa kwa M-Pesa, nikaambiwa nisubiri dakika 35. Kuhusu umri wangu programu iliniuliza swali moja tu: je, umetimiza miaka 18? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Ndiyo. Sijawahi kusikia habari za mtu aliyebonyeza Hapana.

Chupa ilifika, ila mimi sikuiona ikifika. Kijana wa bodaboda alikuwa na haraka, akamwachia soja getini. Soja naye hakutaka kuliacha geti, akamwita mtoto wa jirani yangu wa ghorofa ya tatu aliyekuwa akipiga mpira pale yanapoegeshwa magari, akamtuma aniletee juu. Mtoto wa darasa la sita. Akabisha hodi, akasema, "Anko, nimetumwa na soja," akanikabidhi mfuko wa karatasi wenye mililita 750 za wiski. Nikampa shilingi 20 za peremende, nikafunga mlango.

Wageni walipokwisha kuondoka ndipo nilipoanza kuhesabu. Tangu itoke dukani, ile chupa ilikuwa imepita mikononi mwa watu wanne: kijana, soja, mtoto na mimi. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Wa kuulizwa nilikuwa mimi, na mimi ndiye ambaye kijana wa bodaboda hakumtia machoni kabisa. Na yule ambaye sheria iliandikwa kumlinda ndiye niliyemlipa aibebe.

Sheria za pombe, hapa kwetu na kwingineko, ni sheria za milango. Chukua Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo Wakenya hadi leo wanaiita sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Baa ifunguliwe saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku siku za kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu ifunguliwe saa 8 mchana. Jengo la kuuzia pombe liwe umbali usiopungua mita 300 kutoka shuleni. Supamaketi haipati leseni mpaka sehemu ya vileo itengwe, mtoto asiweze kuingia. Mashine ya kuuza pombe, ile ya kutia pesa na kuangushiwa chupa, ni marufuku. Msingi wa yote haya ni kwamba pombe inakaa mahali, mahali pana mlango, na mlangoni pana mtu mwenye macho. Leseni yenyewe hutundikwa ukutani, na ofisa wa kaunti akija hutazama ukuta kwanza kabla ya kumtazama mwenye duka.

Mawazo hayo ni ya zamani kuliko Mututho. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa 1919, ulizuia wafanyabiashara wa Ulaya kuwauzia Waafrika pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili. Nairobi ya kikoloni haikuishia kuzuia. Miaka ya 1920 manispaa ilikuwa na baa yake Pumwani, mahali Mwafrika alipoweza kunywa pombe ya manispaa mbele ya macho ya manispaa, na faida ikarudi manispaa. Ukuta ulikuwa na kazi mbili, kumwona mnywaji na kukusanya pesa zake. Wakoloni waliondoka. Sheria ya ukuta ilibaki.

Lakini tusidanganyane kwamba kuletewa pombe nyumbani ni jambo lililozaliwa na simu. Kilifi, mgema akishuka mnazini jioni ana nyumba anazozijua, na tembo humfikia mzee uani kwake akiwa amekaa kwenye kigoda. Mitaani Nairobi chang'aa ilitembea kwenye jerikeni na chupa za soda muda wote ilipokuwa haramu, na ilipohalalishwa mwaka 2010, sheria ya zamani ya kuipiga marufuku ilipofutwa, iliendelea kutembea vilevile kwa sababu wapishi wake hawakuwa na haja ya leseni ya mtu. Simu ilileta jambo jingine. Iliifanya biashara hiyo kuwa ya watu wa tabaka la kati, wenye geti, lifti na risiti.

Korona ndiyo iliyoisukuma. Machi 2020 baa zilifungwa, na kuanzia tarehe 27 mwezi huo ikaja kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Tarehe 27 Julai Rais Uhuru Kenyatta akakataza hata mikahawa kuuza kileo kwa siku 30. Kwa hiyo serikali ilikuwa imefunga milango yote ambayo sheria yake iliitegemea, huku maduka ya vileo yakiwa bado yana bidhaa na wateja wakiwa bado wana kiu. Katikati yao palikuwa na kijana mwenye pikipiki. Wenye maduka waliokuwa hawajawahi kumpelekea mtu hata kreti ya soda wakajifunza kufunga chupa kwa magazeti. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Mazoea hayakuondoka.

Nilitaka kujua kazi hii inavyoonekana kutoka kwenye kiti cha pikipiki, kwa hiyo Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi nilimwomba kijana mmoja aniruhusu nimfuate kwa gari langu zamu yake yote. Ana miaka 26. Ana helmeti mbili, koti la mvua, simu mbili, na nyuma boksi lenye zipu lililochakaa kona. Aliniwekea sharti moja: nisiongee na wateja wake.

Oda ya kwanza ilikuwa fleti za Kilimani. Mwanamke wa miaka arobaini hivi alishuka kwa kandambili. Kijana akasema, "Madam, samahani, naomba kitambulisho." Yule mama akacheka mpaka akashika geti. "Wewe unaniona mtoto?" Akachukua mvinyo wake akapanda. Kijana akarudi kwangu akiwa ametahayari. Alikuwa ameuliza kwa sababu nilikuwepo mimi. Siku nyingine, akaniambia, angeuliza nani?

Oda ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Hosteli ya binafsi karibu na chuo, vodka moja na juisi mbili. Akatokea mvulana mwenye ndevu za kuhesabika. Kijana akaomba kitambulisho.

"Kiko juu."

"Nitasubiri."

Mvulana akapanda. Dakika tano, kumi, kumi na mbili. Simu ya pili ikawa inalia, oda nyingine inamngoja. Hatimaye akashuka mwingine, mkubwa zaidi, mwenye kitambulisho halali, akakionyesha, akapokea mfuko, akageuka na kumkabidhi yule wa kwanza aliyekuwa amesimama nyuma ya nguzo hatua nne kutoka kwetu. Hakuficha hata alilofanya. Kijana akatazama, akapiga teke pikipiki.

Tulipofika kwenye taa za barabarani nilimuuliza kwa nini hakukataa. Jibu lake ni lile ambalo sura hii yote inalizunguka. "Mkubwa, nikikataa, nirudishe chupa dukani. Kurudi silipwi. Saa hizi duka linafunga. Chupa nitailaza wapi? Na asubuhi wataniambia nimeiiba." Akanyamaza kidogo. "Halafu mteja ananipa nyota moja."

Nyota ni jambo la kuchekesha mpaka likufike wewe. Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walikuwa na wasiwasi na sifa zinazozidi. Huyu hana mtu wa kumsifu anapofanya lililo sawa. Akimkabidhi mtoto chupa, anapata nyota tano na bakshishi ya hamsini. Akimkatalia, anapata nyota moja, na programu ikiona nyota zimepungua inampunguzia oda.

Oda ya nne ilikuwa ya Ruaka. Duka liko upande wa Nairobi wa Barabara ya Limuru; mteja yuko Kaunti ya Kiambu. Dakika chache tu kwa pikipiki, lakini katika hizo dakika chupa ilivuka mpaka wa sheria. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na kila kaunti ina haki ya kutunga masharti yake. Leseni ya duka ni ya Nairobi. Mnywaji ni wa Kiambu. Mauzo yalifanyika wapi? Pale pesa zilipoingia, pale chupa ilipotoka, au pale mkono ulipoipokea? Mwanasheria anaweza kula mwezi mzima kwenye swali hilo. Kijana wetu alilitatua kwa kuwasha indiketa.

Mteja wa Ruaka alikuwa amelewa tayari. Alishikilia ukuta kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine. Umri haukuwa na shaka, mvi zilikuwa zimejaa. Kijana akampa. Baadaye aliniambia kwamba yule huagiza mara tatu kwa wiki, na kila mara akifika humkuta peke yake.

Huyo wa Ruaka nimemfikiria kuliko wale wanafunzi. Kwenye baa, mlevi ana watu. Kuna mhudumu anayejua ameshakunywa ngapi, kuna rafiki wa kumwambia twende, na saa 5 usiku taa zinawashwa zote na viti vinapandishwa juu ya meza. Ni breki mbovu, sikatai, lakini ni breki. Nyumbani hakuna hata moja ya hizo, na asiyemwona mlevi wa nyumbani ni kila mtu isipokuwa mkewe na watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya anatumia pombe, kama watu milioni 3.2. Wengi wao wanakunywa na kulala. Wanaojaribu kuacha ndio wanaoumia: wameipita baa bila kuingia, wamefika nyumbani, na saa 4 usiku simu inatikisika na punguzo la asilimia fulani kwa chupa ileile waliyoizoea.

Watetezi wa biashara hii wana hoja yao, na si ya kupuuza. Mtu aliyeletewa chupa hashiki usukani. Katika nchi ambayo magari ya walevi huua watu kila wikendi, kumwacha mnywaji sebuleni kwake ni jambo jema. Nami nakubali hivyo, kwa sharti kwamba hatumhamishi kijana wa bodaboda kwenye hatari hiyo badala yake, akikimbizana na dakika 35 usiku wa mvua.

Basi Julai 2025 serikali ikasema. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alizindua sera ya taifa ya kuzuia na kudhibiti pombe na dawa za kulevya. Sera hiyo ilipendekeza umri wa kununua kileo upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na ilipendekeza pia kukatazwa uuzaji wa pombe mtandaoni, kwenye supamaketi, na kuipeleka nyumbani kwa watu. Kelele zikapanda kutoka kwa wenye hoteli, wenye viwanda, na vijana wa miaka 19 waliouliza mbona wanapiga kura. NACADA ikatoka kufafanua kwamba sera si sheria, na kwamba lolote litakalofuata litapitia Bungeni.

Mimi nadhani marufuku ya kupeleka nyumbani ni kosa, na sababu yangu haitoki kwenye uhuru wa mnywaji. Inatoka kwenye namna marufuku zinavyofanya kazi.

Tazama Tanzania na viroba. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali za kwenye vifuko vidogo vya plastiki, zile ambazo mwanafunzi aliweza kuzificha kwenye soksi. Viroba vilipotea madukani kwa kasi iliyowashangaza hata walioipinga amri. Kwa nini? Kwa sababu kiroba kinahitaji kiwanda, na kiwanda kina anwani, mashine, ushuru na meneja anayeogopa kufungiwa. Ukikifunga kiwanda umekifunga kiroba. Sasa jiulize kupeleka chupa nyumbani kunahitaji nini. Pikipiki moja na namba ya WhatsApp. Hakuna kiwanda cha kufunga.

Ukizifungia programu zilizosajiliwa, hizo ndizo zitakazotii, na zikitii zitaondoka na kila kitu ambacho mkaguzi angekihitaji: saa ya oda, jina la duka, namba ya mnunuzi, malipo ya M-Pesa, ramani ya njia aliyopita kijana. Kitakachobaki ni "Nani ana chupa?" kwenye vikundi vya simu za mtaani, na chupa isiyojulikana imejazwa wapi. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu, na Machi serikali ikatangaza masharti makali dhidi ya pombe haramu. Chupa halali ina stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato (KRA), na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuikagua kwa programu ya Soma Label. Nimeijaribu mezani kwangu. Inachukua muda mfupi kuliko kufungua kizibo. Chupa ya kwenye kikundi cha WhatsApp hufika saa 7 usiku, mnunuzi akiwa hana hamu ya kukagua stempu.

Kwa hiyo biashara hii iruhusiwe na ibanwe. Ibanwe vipi ndilo swali, na hapo wengine wametutangulia.

Marekani, yenye umri wa kisheria wa miaka 21, ilifikia suala hili kupitia mvinyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya huko, kwenye kesi ya Granholm dhidi ya Heald, iliamua kwamba jimbo haliwezi kuwaruhusu wazalishaji wake wampelekee mteja mvinyo moja kwa moja huku likiwakatalia wa majimbo mengine. Vifurushi vikaanza kusafiri vikiwa na agizo kwamba mtu mzima atie sahihi. Sahihi, kama kitufe changu cha Ndiyo, ni kitu chepesi. California mwaka 2020 mamlaka ya vileo ilituma vijana wa chini ya umri waagize pombe kwa programu, ikakuta wapelekaji wakiwakabidhi kwa mazoea, ikalazimika kuzionya kampuni hadharani. Delhi walikwenda kwa njia nyingine: kanuni zao za 2021 ziliruhusu wenye leseni maalumu kupeleka vileo majumbani, lakini zikakataza kupeleka kwenye hosteli, ofisi na taasisi. Nilipoisoma kanuni hiyo nilimkumbuka yule mvulana nyuma ya nguzo. Mtu aliyeiandika alikuwa amewahi kusimama nje ya hosteli.

Walioifikiria kwa kina zaidi, kwa ninavyoona, ni jimbo la New South Wales kule Australia. Sheria yao ya oda zinazofika siku ileile ilianza Julai 2021. Mwisho wa kupeleka ni saa 6 usiku, na Jumapili saa 5. Chupa haiachwi mlangoni. Mwisho wa safari ni mtu mzima aliyeonekana kwa macho na asiyekuwa amelewa. Mpelekaji lazima awe amefunzwa. Kuanzia Juni 2022 umri wa mnunuzi unathibitishwa wakati wa kununua, kitufe peke yake hakitoshi. Mnywaji anayetaka kujizuia anaweza kuiambia kampuni imfungie, na kampuni ikishaambiwa haina ruhusa ya kumuuzia. Na kuna kipengele kimoja ambacho hakikupigiwa kelele na magazeti: mwenye biashara haruhusiwi kumkata pesa mpelekaji kwa sababu amekataa kumkabidhi mtoto au mlevi.

Kipengele hicho ndicho kingeibadilisha ile Ijumaa yetu. Mengine yote, saa, mafunzo, vitambulisho, yanategemea kijana mmoja kusema hapana usiku, peke yake, kwenye geti la watu. Hapana hiyo ina gharama. Kwa utaratibu wa sasa analipa yeye: safari ya kurudi, muda, nyota, na mashaka ya chupa kulala chini ya kitanda chake. Kumtaka mtu anayelipwa kwa kila chupa inayopokelewa awe ndiye mkaguzi wa chupa hizo ni kumdhihaki. Sheria ikisema safari ya kurudi ilipwe sawa na ya kwenda, na oda iliyokataliwa kwa sababu ya umri au ulevi isihesabiwe kwenye nyota zake, kijana huyo anakuwa mlango. Bila hivyo ni ile mashine tuliyoipiga marufuku mwaka 2010, tofauti ni kwamba hii ina magurudumu.

Duka nalo lisikwepe. Wakati huu programu husema mimi nauza teknolojia, duka husema mimi nilimkabidhi mpelekaji, na mpelekaji hana mtu wa nyuma yake wa kumsukumia. Chupa ikimfikia mtoto, leseni ya duka iwe hatarini na programu itozwe faini, kisha wao wawili wamalizane. Soja wa getini asipokee, na hapo najisema mwenyewe. Suala la mpaka wa Nairobi na Kiambu nalo lina njia rahisi: mauzo yahesabiwe yamefanyika pale chupa inapopokelewa, na duka linalotaka kuvuka mpaka lijisajili pande zote mbili. Wenye maduka hawatafurahi. Makusanyo ya kaunti yatafurahi, na kaunti ikifurahi hutuma mkaguzi.

Kwenye kitambulisho kuna mambo mawili ambayo wanaoandika sheria Nairobi wasiyasahau. La kwanza ni la hesabu. Mkenya hupata kitambulisho akifika miaka 18, kwa hiyo chini ya sheria iliyopo, kuwa nacho tu ni ushahidi. Kijana wa bodaboda hahitaji kusoma chochote. Anatazama picha na uso. Umri ukipandishwa hadi 21, kadi yenyewe haitoshi tena. Itabidi asome tarehe ya kuzaliwa kwa tochi ya simu, kwenye mvua, apige hesabu, huku mteja akimwambia fanya haraka. Kama Bunge litapandisha umri, liitake programu imfanyie hesabu hiyo.

La pili ni la staha. Baadhi ya wapelekaji huombwa wapige picha kitambulisho cha mteja kama uthibitisho. Fikiria mwanamke anayeishi peke yake: kijana asiyemjua ana jina lake kamili, namba yake ya kitambulisho, namba yake ya simu, mlango wake, na anajua ameagiza kinywaji usiku. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na maana yake kwa jambo hili ni nyepesi: kitambulisho kitazamwe, kisipigwe picha. Mhudumu wa baa huwa anatazama na kurudisha. Hakuna sababu ya geti kutaka zaidi ya hapo.

Yule mlevi wa Ruaka sheria haitamponya. Inaweza tu kumwekea mlango anaoweza kuufunga mwenyewe siku anapokuwa na nguvu, yaani namba moja ya kujifungia ambayo kampuni zote ziiheshimu, na isifunguliwe saa 4 usiku kwa kubonyeza Ndiyo.

Zamu yetu iliisha saa 6 na robo. Oda ya mwisho ilikuwa South C, na aliyeshuka alikuwa msichana mwenye sketi ya shule na sweta la nyumbani, akasema ni ya baba. Kijana akaniangalia mimi ndani ya gari, akamwangalia yule msichana, akasema baba ashuke. Baba hakushuka. Tulikaa dakika ishirini. Kisha akafunga zipu ya boksi, akarudi na chupa, tukakuta duka limefungwa. Aliyoikataa ilikuwa oda moja kati ya tisa, na kwa safari hiyo, kwenda na kurudi, alilipwa shilingi sifuri.